Mgonjwa Kitandani: Alama Moja ya Kichina na Historia ya Kuuguza

SEHEMU YA 1: KITANDA

Leo sizungumzii uji wala ratiba ya kliniki. Leo ni historia, na mwisho wake utaona inaingia moja kwa moja nyumbani kwako. Ni ndefu, nimeigawa sehemu sita. Mtoto akilia, nenda kamnyonyeshe halafu urudi.

Hebu chukua boksi la plasta ya mgongo au dawa ya kuchua iliyotoka China. Wengi tunazo ndani. Angalia yale maandishi ambayo huwa tunayapita tu. Ukitazama vizuri utaona kuna umbo linalojirudia upande wa juu na kushoto wa baadhi ya herufi. Ni hili hapa: 疒.

Linafanana na kibanda chenye paa na ukuta mmoja, halafu ukutani pametokeza vijiti viwili vidogo. Umbo hili peke yake siku hizi halitumiki kama neno. Ni kipande kinachoungwa na vipande vingine kutengeneza neno. Wachina wenyewe hukiita "kichwa cha neno ugonjwa". Ukikiona, hata kama hujui kusoma neno lenyewe, unajua hapa kuna mambo ya kuumwa: maumivu, kuwashwa, kukohoa makohozi, kuhara damu, kukonda, kovu, kuchoka, mlipuko wa ugonjwa. Maneno yote hayo yamebeba umbo hilo hilo.

Ukirudi nyuma zaidi ya miaka 3,000, alama hii ilikuwa picha. Ilichorwa kitanda, na juu yake mtu amelala, na mara nyingi pembeni yake vidoti. Wasomi wengi wanasema vidoti vile ni jasho, wengine wanasema damu. Kwa kuwa Wachina wa kale waliandika kutoka juu kwenda chini, kitanda kilisimamishwa wima ili kienee kwenye mstari. Karne zikapita, mtu na kitanda wakaungana, mistari ikanyooka. Vile vijiti viwili vya kushoto ndivyo mabaki ya kitanda.

Yaani mtu wa kale alipotaka kuandika "ugonjwa" hakuchora mdudu, hakuchora shetani, hakuchora dawa. Alichora mtu aliyelala kitandani anatoka jasho. Mimi kila nikiingia wodini usiku naiona alama hiyo, kitanda baada ya kitanda.

SEHEMU YA 2: MALKIA ANASUBIRI UCHUNGU

Tumezijuaje picha hizo za kale? Kwa njia ya duka la dawa.

Kwa muda mrefu wakulima wa kaskazini mwa China walikuwa wakichimbua mifupa shambani na kuiuza kama "mifupa ya joka". Maduka ya dawa yaliisaga unga, watu wakanywa. Mwaka 1899, msomi mmoja wa Beijing aitwaye Wang Yirong akatambua kwamba mikwaruzo iliyokuwa juu ya mifupa ile ni maandishi ya kale sana. Fikiria ni maandishi mangapi yalikuwa yameshamezwa na wagonjwa kabla ya hapo!

Mifupa ile ilitoka eneo la Anyang, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Shang. Ilikuwa mifupa ya bega la ng'ombe na magamba ya kasa. Mfalme akiwa na swali, mganga wake alichoma mfupa kwa moto, mfupa ukapasuka, na mipasuko ikasomwa kama jibu. Kisha swali likachongwa pale pale kwenye mfupa.

Na maswali yenyewe, jamani, ni yale yale ya kwetu. Mfalme Wu Ding, aliyetawala karibu miaka 1,200 kabla ya Kristo, anaumwa jino. Je, ni babu gani amekasirika? Atolewe sadaka gani? Na hapo kwenye neno la kuumwa ndipo alipochongwa yule mtu wetu kitandani.

Wu Ding alikuwa na mke aitwaye Fu Hao. Huyu hakuwa mke wa kukaa ndani tu. Maandishi ya mifupa yanasema aliongoza jeshi la watu 13,000 vitani. Kaburi lake liligunduliwa mwaka 1976 na timu ya mwanamama mwanaakiolojia, Zheng Zhenxiang, likiwa halijaguswa na wezi, na ndani mna shoka zake za vita.

Lakini mwanamke aliyeongoza maelfu, ilipofika kujifungua alikuwa kama mimi na wewe. Kuna mfupa unaouliza kama uzazi wa Fu Hao utakuwa mwema. Mfalme akasoma mipasuko, akataja siku ambazo akijifungua itakuwa heri. Kisha chini yake pakaongezwa matokeo: siku 31 baadaye alijifungua, na haikuwa heri. Alikuwa mtoto wa kike.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka simu chini. Sisi manesi tunaandika kwenye kadi "amejifungua salama, jinsi ya kike" tukaona ni habari njema kabisa. Pale, mama amepona, mtoto amezaliwa, na mwandishi anachonga kwamba haikuwa heri. Miaka 3,200 imepita, na bado nawaona akina mama wachache wakigeuza uso ukutani wakiambiwa ni binti, kwa sababu wanajua nyumbani nani anasubiri na anasubiri nini. Mama, binti yako ni heri. Andika hivyo kwenye mfupa wako.

SEHEMU YA 3: KAMUSI NA JIWE

Mambo ya mifupa yalipita, maandishi yakaendelea. Karibu mwaka 100 baada ya Kristo, msomi aitwaye Xu Shen alikamilisha kamusi yenye herufi zaidi ya 9,000. Alizipanga kwa kuangalia vipande vinavyofanana, akapata mafungu 540. Mgonjwa wetu kitandani akapata fungu lake. Mafungu yalikuja kupunguzwa hadi 214, na kamusi kubwa ya mfalme Kangxi ya mwaka 1716, yenye herufi zaidi ya 47,000, ikafuata mpangilio huo. Humo alama ya ugonjwa ni namba 104, na chini yake yamo maneno zaidi ya 500.

Jinsi maneno hayo yanavyojengwa ni rahisi kuelewa. Alama ya kitanda inakuambia hii ni habari ya ugonjwa. Kipande kinachowekwa ndani yake mara nyingi kinakusaidia kutamka, na mara nyingine kinaongeza maana.

Chukua neno la saratani: 癌. Ndani ya kitanda kuna jiwe, mwamba juu ya mlima. Matabibu wa kale wa China waliona uvimbe mgumu chini ya ngozi, wakaugusa, wakasema huu ni kama mwamba. Sisi neno letu "saratani" tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni kaa, yule wa baharini. Mmoja alisikia jiwe mkononi, mwingine aliona kaa mwenye miguu inayojitanua. Wote walianza kwa kugusa na kutazama, mama zangu. Basi na wewe ukioga, jipapase matiti mara kwa mara. Ukikuta "jiwe", usilinyamazie wala usisubiri liume. Njoo.

Neno hilo lina kisa kingine. Zamani lilitamkwa sawa na neno la uvimbe wa homa, yaani "yan". Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa ana nimonia au ana saratani ya mapafu, masikioni ilikuwa kitu kimoja! Karne ya 20 waliamua kubadilisha matamshi ya saratani yawe "ai", ili daktari na mgonjwa waelewane. Taifa zima lilibadilisha neno ili watu wasiondoke kliniki wameshika habari isiyo yao. Sasa wewe ukitoka kwa daktari hujaelewa alichosema, unaona aibu kuuliza tena. Uliza. Rudia kuuliza.

SEHEMU YA 4: MBEGU YA NDUI

Nimemtaja mfalme Kangxi. Kamusi ina jina lake, lakini yeye mwenyewe aliwahi kulala kwenye kile kitanda.

Baba yake, mfalme Shunzhi, alikufa kwa ndui mwaka 1661. Mtoto aliyechaguliwa kurithi hakuwa hata na miaka saba kamili. Sababu mojawapo ya kuchaguliwa kwake ni kwamba alikuwa ameshaugua ndui akapona. Walijua aliyeugua ndui akapona haugui tena. Kiti cha enzi kikaamuliwa na makovu.

Neno la vipele vya ndui kwa Kichina ni 痘. Ndani ya kitanda kuna kunde, yaani 豆. Kipande hicho kinasaidia kutamka "dou", na pia vipele vyenyewe ni kama punje za kunde. Aliyewahi kuuguza mtoto wa tetekuwanga anaelewa picha hiyo bila kufundishwa.

Na kwa kuwa ni punje, Wachina wakasema zinapandwa. Tangu karne ya 16 hivi, matabibu wao walichukua magamba makavu ya vidonda vya mgonjwa wa ndui aliyeugua kidogo, wakayasaga, wakampulizia mtoto mzima puani. Mtoto aliugua ndui nyepesi, akipona amekingwa. Waliita kazi hiyo "kupanda ndui". Kangxi alipokua aliamuru watoto wake wapandwe. Kitabu cha tiba cha serikali ya China cha mwaka 1742 kinaeleza njia nne, mojawapo ni kumvisha mtoto nguo ya mtoto mgonjwa.

Haikuwa salama kama chanjo ya leo, tuwe wakweli. Wapo watoto waliokufa, na aliyepandwa aliweza kuwaambukiza wengine. Mzazi alipima: hatari ndogo leo, au hatari kubwa kesho. Mwaka 1796, Edward Jenner wa Uingereza akaanza kutumia ndui ya ng'ombe, ambayo ni salama zaidi.

Ndui ilikwishia wapi? Hapa hapa kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata katika jamii alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Merca iko kaskazini ya Barawa, kule kwa ndugu zetu wanaosema Chimwini. Alipona, na baadaye akajitolea kwenye kampeni ya chanjo ya polio, akiwaambia wazazi yaliyompata yeye ambaye hakuchanjwa. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa haina ndui tena.

Kwa Kichina mpaka leo chanjo inaitwa 疫苗: neno la kwanza ni ugonjwa wa mlipuko, limo kitandani, la pili ni mche mchanga wa shambani. Sisi tunasema "chanjo" kwa sababu ya kuchanja ngozi. Neno lao linakumbuka shamba, letu linakumbuka wembe. Lakini bega la mtoto ni lile lile. Angalia kadi yake leo, kuna tarehe umeipita?

SEHEMU YA 5: HOMA YENYE KUCHA

Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike.

Neno la kale la malaria kwa Kichina ni 瘧. Ndani ya kitanda wameweka neno la ukatili, na neno hilo la ukatili lilitokana na picha ya simbamarara anayemshika mtu kwa kucha. Yaani malaria ni simbamarara aliyepanda kitandani. Mwenye kujua kutetemeka kwa malaria, meno yanagongana na blanketi tatu hazitoshi, atasema wamepatia.

Karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika kitabu cha tiba za dharura, na kwenye sura ya homa hiyo akaweka dawa fupi: shika konzi ya mmea wa qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Ikakaa kitabuni zaidi ya miaka 1,600.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Ukaitwa Mradi wa 523, kwa kuwa ulianza tarehe 23 mwezi wa 5. Mwaka 1969 mwanamama aitwaye Tu Youyou akapewa kuongoza timu ya utafiti. Alitumwa kisiwa cha Hainan kuona wagonjwa, mume wake akiwa amepelekwa mbali kwa kazi za shamba. Binti yao mdogo wa miaka kama minne akaachwa kwenye kituo cha kulelea watoto. Mama aliporudi, mtoto hakumtambua.

Akina mama mnaofanya kazi za zamu, mnaosafiri, mnaomwacha mtoto kwa bibi ili mlete chakula, mnajua neno hilo "hakumtambua" lina uzito gani.

Timu yake ilipekua vitabu vya kale na kukusanya tiba takribani 2,000. Qinghao ilifanya kazi leo, kesho ikagoma. Akarudi kwa Ge Hong, akasoma tena, akaona kitu: Ge Hong hakuchemsha! Alikamua mbichi. Pengine moto ndio unaoua dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Mwaka 1971 dawa ikafanya kazi kwa panya na nyani wote waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kwanza, wajue kama ni salama. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Dawa inayotokana na kazi hiyo unaijua. Ni dawa mseto, ALu, ile tunayowapa watoto wenu tangu mwaka 2006 hapa Tanzania. Dozi sita kwa siku tatu, na apewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili iingie vizuri mwilini. Mtoto akichangamka siku ya pili, usiweke zilizobaki kabatini. Malizia. Na tafadhali, msinichemshie majani ya mmea huo kama chai mkasema ni sawa na dawa. Kiasi chake hakipimiki, na simbamarara aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko mzima.

Sasa nije kwetu. Sisi pia tuna maneno ya ugonjwa yenye wanyama. Mtoto mwenye homa kali akikakamaa na kugeuza macho, tunasema ana degedege, na wazee wetu wengi walimuona ndege mkubwa aliyepita juu ya nyumba. Wachina wa kale kwa hali hiyo hiyo walisema "upepo wa mshtuko". Sicheki jina lolote. Mtu aliyelipa jina alikuwa mzazi aliyekaa usiku kucha anatazama, na alichokiona alikiona kweli.

Tatizo ni pale jina linapotuchagulia njia. Nimempokea mtoto aliyekakamaa tangu jioni akaletwa asubuhi, kwa sababu jirani alisema, "Hilo ni dege, akichomwa sindano atakufa." Mama yake hakuwa mzembe. Alikuwa amelisikiliza jina. Mtoto huyo alipona, lakini wengine hatukuwawahi. Kwa hiyo liite degedege, sikatazi. Lakini mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na umkimbize kituoni usiku huo huo. Mara nyingi ndani ya ndege huyo kuna malaria kali.

SEHEMU YA 6: UCHUNGU

Namalizia na neno ninalolipenda kuliko yote: 疼. Hutamkwa "teng". Ndani ya kitanda kuna neno la majira ya baridi, ambalo linasaidia kutamka. Maana yake ni kuumwa, kama kichwa au tumbo. Lakini Wachina hulitumia pia kwa maana ya kumpenda mtoto sana, kumdekeza, kumuonea huruma. Bibi "anamteng" mjukuu wake. Neno moja, alama moja ya kitandani, maumivu na mapenzi pamoja.

Mtu wa mbali atashangaa. Mswahili hashangai. Sisi tunasema mama ameshikwa na uchungu, halafu tunasema anamuonea mwanawe uchungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watu wawili waliokaa mbali kiasi hicho, kila mmoja kwenye lugha yake, waligundua kwamba anayempenda mtoto mgonjwa naye yuko kitandani.

Jambo la mwisho. Neno la kutibu, 疗, nalo lina alama hiyo hiyo. Na neno la kupona, 痊, pia: ndani ya kitanda wameandika "mzima, kamili". Waliopanga maandishi hayo hawakumtoa aliyepona nje ya kitanda. Nadhani walijua tunachokijua wodini, kwamba uzima unaanzia pale pale mtu alipolazwa, na mara nyingi unaanza kwa sababu kuna mtu amekaa pembeni amekataa kusinzia.

Kwenye ile picha ya kale hakuchorwa mtu wa pembeni. Kuna mgonjwa, kitanda na jasho tu. Lakini kuna mtu alikuwepo, maana aliyevihesabu vidoti vile vya jasho alikuwa ameketi karibu.

Tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar kutibu, kwa hiyo baadhi yenu mmezaliwa mikononi mwao. Ukikutana naye tena, mwonyeshe 疒 uone atakavyotabasamu.

Sasa zamu yenu. Kwa lugha ya kwenu, degedege, surua au utapiamlo mnauitaje, na jina hilo lina picha gani ndani yake? Niandikieni hapo chini. Na kama ndani kuna mtoto ana homa saa hizi, acha kusoma, mpeleke. Mimi nitakuwepo zamu.